Uzio wa seng'enge na wavu ukiharibika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye makonde, mabanda ya kuku na viwanja vilivyozungushiwa waya, Unguja na Pemba. Yametangulizwa maswali ya mwanzo, na ya nadra yamewekwa mwisho. Panapotajwa namba ya swali jingine, lifuate, maana halikurudiwa. Ukiwa na haraka na utasoma jibu moja tu, soma la 4.

## Kabla ya kushika waya

1. Nahitaji vifaa gani?

Koleo la kukatia waya, plaizi, nyundo ya kung'olea misumari, waya wa kufungia uliopakwa zinki, misumari ya U ya milimita 40, na kipande cha waya au wavu wa aina ile ile iliyopo. Ongeza kamba imara ya mita 4 na kijiti kigumu chenye urefu wa mkono; kazi yake imeelezwa katika swali la 8. Chukua na debe la kutilia vipande.

Mwilini vaa glavu za ngozi zinazopita kifundo cha mkono, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika vidole na miwani ya fundi. Glavu za pamba ni mtego: mwiba unanasa kwenye uzi, waya ukivutika unakwenda na mkono wako. Miwani ndiyo inayoachwa nyumbani kuliko vyote, na ndiyo inayohitajika kuliko vyote, kwa sababu msumari wa U ukigongwa upande huruka kama jiwe la manati.

2. Wakati gani mzuri wa kazi hii?

Asubuhi umande ukishakauka, mpaka saa 4 au 5. Ukisikia ngurumo, acha papo hapo hata kama mvua haijafika kwako. Waya mrefu wa chuma hubeba umeme wa radi iliyopiga mbali, na wakati wa masika hilo si jambo la kupuuza.

3. Nitajuaje kwamba uzio haujashika umeme?

Uzunguke kwanza kwa macho, mikono nyuma. Tazama kama kuna waya wa umeme uliodondoka au kulegea mpaka kugusa uzio, waya wa pampu ya kisima uliopitishwa juu ya seng'enge na kuchubuka ganda, au taa ya nje iliyofungwa kwenye nguzo ya chuma. Waya wa pampu au wa taa ukiwa wako, zima swichi kuu ya nyumba kabla ya kuukaribia.

Ukiwa ni waya wa Shirika la Umeme la Zanzibar (ZECO), kaa mbali mita 10 au zaidi, zuia watoto na mifugo, na piga simu ZECO. Kumbuka kuwa uzio mzima unaweza kuwa na umeme, hata pembe iliyo mita 100 kutoka ulipoanguka ule waya. Kama tayari uko karibu, ondoka kwa hatua ndogo za kuburura, miguu ikiwa imeshikana. Ukipiga hatua ndefu, umeme ulio ardhini unapanda mguu mmoja na kushukia wa pili. Testa ya bisibisi usiitegemee kwa jambo hili.

Na uzio wenyewe usiufunge kwenye nguzo ya umeme wala kwenye waya unaoishikilia nguzo hiyo.

4. Kwa nini waya huruka ukikatwa, na nijikinge vipi?

Waya uliokazwa umevutwa kama mpira wa manati. Zaidi ya hapo, seng'enge imezaliwa ndani ya roli na bado inataka kurudi kujiviringa. Ukiikata ghafla, ncha mbili hurudi nyuma kila moja upande wake, zikizunguka, na miiba juu. Majeraha mabaya ya uso na macho katika kazi hii hutokana na sekunde hiyo moja.

Kwa hiyo bana kwanza, ukate baadaye. Fuata hivi:

Kila asiyefanya kazi asogee mbali, zaidi ya urefu wa waya ulio kati ya nguzo tatu. Kisha nenda kwenye nguzo mbili zilizo kulia na kushoto kwa pale utakapokata, na ubane waya kwenye kila nguzo, kwa msumari wa U uliogongwa mpaka mwisho au kwa waya wa kufungia uliozungushwa mara tano. Sasa hata ukiruka, kinachoruka ni kipande kile tu kilicho kati ya nguzo hizo mbili.

Kata karibu na nguzo, si katikati. Simama upande wa pili wa nguzo ili iwe baina yako na waya. Ule upande mrefu ushike kwa plaizi kabla ya kukata, kisha uuachie kidogo kidogo mpaka ulale chini, na uweke jiwe juu ya ncha yake. Usipande waya mguu huku na mguu huku, wala usiubane kwa magoti. Waya mmoja mmoja. Usikate miwili kwa pamoja kwa kuokoa muda.

## Seng'enge

5. Imekatika pahala pamoja tu. Niiunge vipi?

Ncha mbili zilizokatika hazitafika tena, kwa hiyo andaa kipande cha kuongezea cha mita moja hivi. Njia inayodumu ni kitanzi ndani ya kitanzi.

Kwenye ncha ya waya wa zamani, ng'oa mwiba wa mwisho ukikaa vibaya, pinda sentimita 25 kurudi nyuma, acha kitanzi kidogo cha kupita kidole, kisha mkia uzungushe kwenye waya wenyewe mara tano au sita, mizunguko ikigusana. Pitisha kipande kipya ndani ya kitanzi hicho na ukipinde vivyo hivyo. Sasa una vitanzi viwili vilivyoshikana kama pete za mnyororo. Upande wa pili, pitisha mkia wa kipande kipya kwenye kitanzi cha ncha nyingine, vuta mpaka ukaze, kunja, zungusha. Mikia iliyobaki ikate fupi na uielekeze ndani ya konde, si njiani.

Kusokota ncha mbili pamoja kama kamba ya ukambaa hakufai. Kunaonekana kumeshika, lakini ng'ombe mmoja akiegemea ncha huteleza, na mizunguko iliyolegea huweka maji ya mvua na chumvi ndani, ikaanza kula kutu hapo hapo.

6. Na waya laini usio na miiba?

Kitanzi cha swali la 5 kinafaa. Kwa waya mlaini unaopindika kwa mkono, unaweza pia kulaza ncha mbili sambamba kwa sentimita 15 na kila mkia ukauzungusha mara sita juu ya mwenziwe. Waya mgumu usifanyiwe hivyo. Unavunjika kwenye kona ya mpindo.

7. Misumari ya U ipigwe mpaka izame?

Isipokuwa kwenye nguzo za mwisho na za pembeni, hapana. Acha nafasi ndogo waya uteleze, ili mnyama akiusukuma nguvu igawike kwenye nguzo nyingi badala ya kukatia kwenye msumari mmoja. Msumari ukizamishwa hukwaruza zinki na kutu huanzia hapo. Uinamishe kidogo, miguu yake miwili isiingie kwenye mshipa mmoja wa mti, la sivyo nguzo itapasuka. Boriti kavu ya mkoko ni ngumu: toboa kwa keekee yenye msumari mwembamba kwanza, ndipo ugonge.

8. Sina chombo cha kukazia. Nikaze kwa nini, na kiasi gani?

Hapa ndipo ile kamba na kijiti. Funga kamba kwenye waya kwa fundo lisiloteleza, zungusha nyuma ya nguzo imara ya pembeni na uirudishe kwenye waya, iwe kamba mbili sambamba. Pitisha kijiti baina ya kamba hizo na ukizungushe. Zikijisokota, waya unavutika pole pole. Ukifika unapotaka, kizuie kijiti kwenye nguzo, gonga msumari, ndipo ulegeze. Kijiti chenyewe usikiachie kikatoka mkononi: kikichoropoka kinavunja vidole.

Waya uliokazwa sawa, ukiubonyeza katikati ya nguzo mbili zilizoachana mita 3, hucheza kama upana wa vidole vitatu. Ukilia kama uzi wa udi, umezidisha. Kuvuta kwa Vespa au gari ni kujitafutia balaa. Huna namna ya kuhisi waya umefika wapi mpaka ukatike.

9. Seng'enge yangu imeshika kutu. Kiraka au mpya?

Pinda ncha yake nyuzi 90, inyooshe, rudia. Ikivunjika kabla ya mara ya tatu, kiraka ni kupoteza waya mpya, kwa sababu fundo lenyewe linahitaji mpindo mkali kuliko huo. Kutu ya rangi tu, ikipukutika ukisugua na chuma ndani kikang'aa, bado ina maisha. Na kipande chochote chenye viungo zaidi ya vitatu kati ya nguzo mbili, kibadilishe chote.

Dukani uliza mita zilizomo kwenye roli, si kilo. Waya mnene una mita chache kwa uzito ule ule. Pengo la mita 20 lenye mistari minne ni mita 80. Ongeza asilimia 10 kwa vitanzi na mafundo, iwe 88.

## Wavu

10. Cheni linki ina tundu. Naweza kuishona tu kwa waya?

Kwa dharura ya siku mbili, ndiyo. Ukarabati wa kweli ni kubadilisha kipande, na ni rahisi kuliko inavyoonekana ukishaelewa wavu ulivyofumwa. Kila waya unashuka wima kutoka juu hadi chini kwa mzunguko kama msumari wa parafujo, umepita ndani ya jirani yake, na kwa pamoja wanafanya yale matundu ya kishada. Ukichomoa waya mmoja tu, wavu mzima unaachana vipande viwili, safi, bila ya kukata.

Legeza vifungo vya nguzo mbili kila upande mpaka wavu ulegee. Ukiwa umekazwa waya hautazunguka. Chagua waya mzima ulio kando ya tundu. Kunjua ndoana yake ya juu na ya chini kwa plaizi, kisha ushike juu na uuzungushe. Utapanda wenyewe ukitoka, mzunguko mmoja kwa kila jicho. Fanya hivyo hivyo upande wa pili wa tundu. Kipande kibovu kinatoka chote.

Kipya kiwe na urefu ule ule, jicho lile lile (milimita 50 kwa 50, au 75 kwa 75) na unene ule ule. Kisogeze, uchukue waya mmoja na uuzungushe kushuka kati ya pande mbili ukizifuma pamoja. Meno ya pande mbili yasipopishana, chomoa waya mmoja zaidi kwenye kipya na ujaribu tena. Kunja ndoana, kaza, funga kwenye nguzo kila sentimita 30 hadi 40. Usisahau waya wa chini: wavu usio na waya wa kuukaza chini, mbuzi huunyanyua kwa pua.

11. Waya wa kuku umetoboka na kuku wanaliwa. Nifanye nini?

Kwanza jua nani anaingia. Jicho la milimita 50 nguchiro mdogo anapita, na vifaranga wanatoka. Jicho la 25 linazuia nguchiro na kunguru lakini si panya mdogo wala nyoka mwembamba. Kwa vifaranga tumia wavu wa jicho la 13 kuanzia chini hadi sentimita 60.

Kiraka kipite ukingo wa tundu kwa sentimita 10 kila upande. Kifunge kwa waya wa zinki kila sentimita 5, pande zote nne, mikia ikitazama nje ili isichome kuku. Kiweke kwa nje ya wavu: anayesukuma kuingia anakibana zaidi badala ya kukifungua.

Mnyama akichimba chini, usihangaike kuzika wavu, hasa kwenye mawe. Laza wavu wa upana wa sentimita 30 juu ya ardhi kwa upande wa nje, uufunge na wavu wa ukutani, na uufunike kwa mawe. Anayechimba huanzia penye ukuta, anakuta wavu chini ya miguu, na hana akili ya kurudi nyuma hatua moja.

12. Nyavu chakavu za kuvulia zinafaa kuzungushia bustani?

Zinafaa kwa msimu mmoja wa nyanya au matikiti dhidi ya kuku na mbuzi wadogo. Jua linaukausha uzi mpaka unakatika kama nywele. Tatizo kubwa ni macho makubwa yaliyolegea, kama ya jarife, ambayo humnasa paa, ndama au mtoto anayekimbia. Ukiutumia, uvute mpaka usilegee popote na ufunge chini kila nusu mita. Kuufuma palipotoboka, tumia sindano ya kufumia nyavu. Wavuvi hawakosi kijijini, na kazi ya dakika kumi kwao ni ya asubuhi nzima kwako.

## Nguzo, ardhi na chumvi

13. Nguzo imeanguka na ardhi yangu ni maweni. Nitachimbaje?

Kwenye kichanga au kinongo, karibu theluthi moja ya nguzo huingia chini: nguzo ya mita 2 izame sentimita 60. Kwenye uwanda (udongo haba juu ya mawe) na maweni hutafika huko. Tafuta mwanya wa asili kati ya mawe, uupanue kwa mtaimbo na nyundo nzito (miwani machoni, vipande vya jiwe vinaruka), ukifika sentimita 40 hadi 45 inatosha, alimradi umimine zege.

Mchanganyiko ni 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Kwa shimo la sentimita 30 kwa 30 kwa 45, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha nguzo nne. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya nguzo mpaka inapasuka, usiutumie. Simamisha nguzo kwa timazi, ishikilie kwa mawe, na usiikazie waya kabla ya siku 7. Kukaza siku ya pili ndiyo sababu ya nguzo nyingi kuinama.

Nguzo ya pembeni inahitaji mkono wa kuiegemea, upande ambao waya unavuta, ukiigusa kwenye theluthi mbili za kimo chake na mguu wake ukikanyaga jiwe.

14. Na bondeni kwenye kinamo (udongo mzito wa mfinyanzi)?

Kinamo huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kikikauka, nguzo inatikisika kila mwaka. Izamishe sentimita 80, shindilia kokoto kuizunguka badala ya udongo ule ule, na fanya kazi hiyo kabla ya masika.

15. Kwa nini waya wangu wa karibu na bahari hauli mwaka?

Upepo wa kaskazi na wa kusi hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na zinki nyembamba huisha haraka. Lakini mara nyingi kinachokufa kwanza si uzio, ni kifungo. Watu hufungia ule waya mweusi wa nondo kwa sababu ni rahisi na umebaki kwenye ujenzi. Hauna zinki hata chembe. Unakatika, wavu unaanguka, na lawama anabeba muuza wavu.

Waya wa shaba uliotolewa kwenye nyaya za umeme ni mbaya zaidi: shaba ikigusana na zinki penye chumvi, zinki ndiyo inayoliwa. Fungia zinki kwa zinki. Wavu wenye ganda la plastiki ni mzuri pwani, mradi kila ulipokata ncha upake rangi ya zinki, maana maji huingia ncha na kutu husafiri chini ya ganda bila kuonekana.

Kabla ya kupaka rangi, osha kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, acha ukauke, sugua kwa brashi ya waya, paka siku hiyo hiyo. Fundi akitaka kuchomelea bomba lenye zinki, aiparure zinki kwanza na akae upande upepo unakotoka. Moshi wake mweupe huleta homa na kubana kifua.

16. Naweza kutumia miti hai kuwa nguzo?

Mbono ni mzuri. Fito hushika mizizi upesi. Mnyaa pia, ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari, osha kwa maji mengi mara moja na uende hospitali. Usiuzungushie mti waya: utaumeza. Gonga kipande cha ubao kwenye mti na waya uushike ubao. Waya ulioshamezwa usiuvute. Kata pande zote mbili, na uweke alama ili mwenye msumeno asije akaugonga.

## Mambo ya nadra

17. Mnazi umeangukia uzio na waya umekandamizwa chini yake.

Waya huo umekazwa kuliko ulivyokuwa siku uliyoufunga, na ukiukata mnazi unaweza kubingirika. Bana kwanza nguzo za pande mbili kama swali la 4. Kata na uondoe shina kwa vipande vifupi ukianzia nchani, ukisimama upande wa juu wa mteremko. Nguzo ikiwa imepindishwa na shina, usisimame mbele yake: shina likitoka, itasimama kwa kishindo.

18. Mnyama amenasa.

Mbuzi au ng'ombe wako: mfunike macho kwa kanga au gunia, atulie, mtu mmoja azuie mwili, wa pili akate waya karibu na mnyama kwa pande zote mbili. Usimvute atoke. Paa nunga analindwa na sheria. Ite ofisi ya misitu. Kima usimshike kabisa, anauma vibaya; funika, rudi nyuma, ita watu wa misitu.

19. Nimechomwa na waya wenye kutu.

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa, acha damu kidogo itoke, kisha bana kwa kitambaa safi. Pepopunda haitokani na kutu yenyewe bali na vijidudu vya udongo na samadi, kwa hiyo hata waya mpya uliolala zizini unaweza kukuletea. Kama jeraha ni la kina au chafu na sindano yako ya mwisho ina zaidi ya miaka 5, au huikumbuki, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kitu kikiingia jichoni, usikichomoe wala usisugue. Funika kwa kikombe bila ya kubonyeza na uende hospitali.

20. Vipande vilivyobaki nivitupe wapi?

Kwenye debe, kisha kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Usivizike kondeni. Ng'ombe humeza vipande vya waya pamoja na majani, na kipande kikikaa tumboni hutoboa kuelekea kwenye moyo. Ukimaliza kazi, burura sumaku ya spika mbovu kwa kamba pale ulipokatia, utashangaa.

Roli kuukuu lililolala majanini ligonge kwa fimbo ndefu kabla ya kuligusa. Nyoka na nyigu hulipenda.

21. Uzio uko mpakani na jirani.

Kuunga waya palipokatika hakuna ugomvi. Kung'oa au kuhamisha nguzo, hata kwa shubiri, mwite jirani aone, na kama kulikuwa na maneno ya mpaka mwite na sheha kabla ya shimo kuchimbwa. Piga picha nguzo za zamani zilivyo.

22. Naweza kuweka seng'enge kwenye ua unaopakana na njia ya skuli?

Usiiweke chini ya mita 2 kutoka ardhini upande wa njia. Kwa chini tumia wavu au waya laini, na vifungo vyote vigeuzwe ndani. Seng'enge ya juu iinamishwe upande wa ndani ya kiwanja. Ikining'inia nje, mtu aliyebeba mzigo kichwani usiku haioni.